Maswali ya wasomaji: Samaki wa ndani ya tope

Toleo lililopita tuliweka nusu ukurasa tu juu ya samaki wadogo wanaochimba na kuishi ndani ya tope, kule pwani na kwenye milango ya mito, nusu ukurasa na picha moja basi, na barua zilizoingia tangu hapo ni nyingi mpaka nimemwomba mhariri aniachie safu yote niwajibu. Sitaweza wote. Nimechukua maswali yanayojirudia, na barua nyingine nimezifupisha, mnisamehe.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunavuta wavu wa kamba kwenye maji ya tope, humo kikatoka kitu chekundu, urefu kama kiganja na nusu, kinajinyonganyonga, hakina macho, meno yanatokeza nje. Kaka akasema ni mtoto wa nyoka wa baharini, akakirusha mbali huko. Mi nikasema ni mnyoo. Tumebishana wiki nzima, hebu tuamulie. – Mdogo Mtu

JIBU: Mdogo wangu, hamna aliyeshinda, ila nyote wawili mmemwona mnyama ambaye watu wanaishi jirani naye miaka na miaka bila kumtia machoni. Huyo ni samaki. Ni wa ukoo wa gobi, na kwa maelezo yako, mwekundu, mrefu, meno nje, ni wale gobi waliorefuka mwili kama mkunga, wanasayansi wamewapa majina kama Trypauchen, Odontamblyopus na Taenioides. Hapa tumwite gobi-mkunga tuelewane. Trypauchen anafika kama sentimita 22 hivi, kwa hiyo huyo wako wa kiganja na nusu ni mtu mzima au karibu yake.

Macho anayo, sema ni madogo mno, ni kama nukta ya kalamu, halafu yamefunikwa na ngozi, maana maisha yake karibu yote anayapitisha kwenye giza la shimo na kwenye maji ambayo ukizamisha mkono huoni vidole vyako, sasa hapo jicho kubwa la nini? Kichwani ana mistari ya vihisio vinavyopokea mtikisiko wa maji, na wale Taenioides wana na vindevu vifupi chini ya kidevu. Ule wekundu nao ni damu yake, ngozi ni nyembamba na magamba ni madogo sana kiasi kwamba damu inaonekana kwa nje, ndo maana akifa anapauka haraka.

Siku nyingine kabla hamjamrusha mwangalieni hivi. Nyoka wa baharini hana mashavu ya kupumulia majini, huyu mashavu anayo na utayaona yanafunguka na kufunga. Mnyoo hana taya wala mapezi, huyu ana pezi moja refu linaanza mgongoni, linateremka mpaka mkiani na kuzunguka kuja chini ya tumbo kama utepe. Halafu mgeuze kidogo, kifuani utaona mapezi mawili yameungana yakafanya kama kikombe, hiyo ni alama ya gobi wengi, na ukoo wao una spishi zaidi ya 1,700 duniani. Sumu ya kuuma hana, mwiba wa sumu hana. Meno ni kwa ajili ya vikamba na vijidudu vingine vya topeni.

Mimi wa kwanza niliyemshika nilimweka kwenye beseni jeupe lenye maji ya pale pale alipotoka, nikaacha tope litulie ili nimwone vizuri. Hakutulia hata kidogo. Alikwenda ukingoni akawa anaizunguka beseni yote kwa pua, anabonyeza, anarudi nyuma, anabonyeza tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Nikaweka kipande cha bomba la plastiki, kile chembamba cha maji. Akakigusa, akaingia kinyumenyume, mkia kwanza, akanyamaza kabisa, kilichobaki kuonekana ni ule mdomo tu. Tangu siku ile sijawahi kumfikiria samaki huyu bila shimo lake.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha sayansi. Tope la pale ufukweni ukilichimbua kidogo tu ni jeusi tii na linanuka yai viza. Harufu ile naijua ni ya nini, na najua hapo hamna oksijeni. Sasa samaki anayekaa humo anapumua nini? – Mwalimu Mzee

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hili ndo swali lenyewe, na naomba nilijibu taratibu.

Tope ni chembe ndogo sana zilizobanana, maji hayapiti kirahisi katikati yake kama yanavyopita kwenye mchanga, kwa hiyo oksijeni inayoingia kutoka juu inaishia milimita chache tu, kisha basi. Chini ya hapo wanatawala bakteria wasiohitaji oksijeni, wanatumia salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari na kutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu ya yai viza, na salfaidi ikikutana na chuma kilichomo topeni ndo unapata ule weusi. Na salfaidi kama unavyojua mwalimu ni sumu, inazuia mwili kutumia hata ile oksijeni kidogo uliyonayo. Yaani samaki wetu amezungukwa na ukuta ambao hauna hewa na una sumu.

Jibu lake ni shimo. Kuna siku nilikata bonge la tope kwa jembe mahali palipokuwa na tundu, nikalipasua katikati, na kilichonishangaza ni rangi: bonge zima jeusi, lakini kuizunguka ile njia ya shimo kuna pete ya rangi ya kutu, kahawia inayoelekea wekundu, upana wake hauzidi unene wa shilingi. Ile kutu ni alama kwamba oksijeni imefika pale na chuma kimeshika kutu kweli kweli. Nani kaileta huko chini? Mwenye shimo. Maji yakijaa anaingia na kutoka, anapunga mwili, anasukuma maji ya ndani nje na kuvuta mapya, na kila akifanya hivyo ukuta wa shimo unapata hewa na ile sumu inasogezwa nyuma kidogo.

Shida inaanza maji yakipwa. Shimo linabaki na maji yake yale yale, hayabadilishwi, tope linayanyonya oksijeni kwa upande wake na samaki kwa upande wake, baada ya muda si mrefu oksijeni imekwisha na maji yatarudi baada ya masaa kadhaa. Samaki wa kawaida hapo amekufa. Huyu anapanda juu mpaka mdomoni mwa shimo, anachungulia, anagugumia hewa kavu kabisa ya juu, anaifungia mdomoni na kwenye chumba cha mashavu na kushuka nayo. Oksijeni inapita kwenye ngozi laini ya humo ndani kuingia kwenye damu. Ikiisha anaiachia, anapanda tena.

Haya si ya kukisia, yalichunguzwa Japani kwa Odontamblyopus lacepedii wa Bahari ya Ariake, bahari ambayo maji yanapanda na kushuka mpaka kama mita 6, tope linabaki wazi eneo kubwa sana. Watafiti waliona kwamba maji yakiwa na oksijeni ya kutosha samaki huyu hana haja na hewa ya juu, anatumia mashavu kama wenzake, oksijeni ya maji ikishuka sana ndipo anaanza kugugumia. Kwa hiyo mwalimu, anapumua maji yakiwepo, na anapumua hewa maji yakiharibika. Mwili wake haukutengenezwa uwe na pafu, shimo ndilo linalomsaidia afanye kazi ya pafu, maana bila ile njia ya kupandia na kushukia asingefika juu kwa wakati.

SWALI: Hilo jina la kisayansi mlilochapisha toleo lililopita, Trypauchen vagina, mlikosea au? Nina watoto nyumbani wanasoma gazeti. – Mama Wawili

JIBU: Hatukukosea dada, ndo jina lake. Kwa Kilatini neno hilo la pili maana yake ni ala, ile ala ya kuchomeka upanga, na matumizi ya kitabibu, ya kutaja uke, yalikuja baadaye yakichukua maana hiyo hiyo ya ala. Neno la kwanza ni la Kigiriki, tundu na shingo vikiunganishwa, kwa sababu juu ya kila shavu samaki huyu ana kishimo kama mfuko, na kishimo hicho hakiingii kwenye mashavu kabisa. Jina limo kwenye kitabu cha Bloch na Schneider cha mwaka 1801. Bloch alikuwa daktari wa Berlin, alifariki 1799 kazi haijaisha, Schneider akaimalizia. Waambie watoto "ala ya upanga" na watalikumbuka, ni samaki mwenye umbo la kuchomeka.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba anasema yule samaki anayerukaruka juu ya tope na macho ya chura ndiye huyo huyo wa shimoni. Mimi nasema ni wawili tofauti. Halafu anauliza yale mavidonge ya tope yaliyozunguka shimo ni nini, kinyesi? – Baba Zai

JIBU: Baba Zai, wote mmepatia kipande. Ni wawili tofauti lakini ni ndugu, tena ndugu wa karibu, siku hizi wanasayansi wanawaweka kwenye familia moja. Mmoja alichagua kuzama gizani macho yakapungua, mwingine akachagua kutoka nje macho yakapanda juu ya kichwa. Huyo anayeruka, wa kundi la Periophthalmus na wenzake, anapumua kwa ngozi na kwa utando wa mdomoni mradi abaki na unyevu, ndo maana utamwona anabiringika ubavu kwenye kidimbwi mara kwa mara. Macho nayo anayazamisha ndani ya vikombe vidogo vya ngozi vyenye maji kisha yanapanda tena, yaani anakonyeza ili kuyalowanisha, kama sisi tunavyopepesa.

Na mwambie Zai yale mavidonge si kinyesi. Ni tope la kuchimbia. Samaki huyu hana mikono, anachimba kwa mdomo, anashuka shimoni, anauma tonge la tope, anapanda nalo mashavu yamejaa, analitema ukingoni, anarudi. Siku moja nilikaa kwa kuchuchumaa nikamhesabia mmoja safari 31 kabla maji hayajamfikia, na kila tonge analitema upande ule ule, ukingo ukawa unanyanyuka kama ukuta wa kisima. Kesho yake wimbi limeusawazisha wote na yeye kaanza upya.

Ila kitu ambacho ningependa Zai akijue zaidi ni kile wanachofanya na hewa. Mwaka 1998 mtafiti wa Kijapani Atsushi Ishimatsu na wenzake walichapisha kwamba Periophthalmodon schlosseri, aina kubwa ya hawa warukaji, anabeba hewa kwa mdomo na kwenda kuiweka ndani ya shimo. Anaweka akiba! Anagugumia juu, anashuka, anaiachia kwenye chumba cha chini ambacho dari yake imenyanyuka kidogo, hewa inabaki pale imenasa kama povu linalonasa chini ya bakuli ukiligeuza ndani ya maji. Maji yakifunika shimo yeye ana stoo.

Halafu mayai. Mayai yanabandikwa kwenye dari ya hicho chumba, yananing'inia hewani, si majini, kwa sababu maji ya shimoni hayana oksijeni ya kutosha yangeyaua. Baba ndo anayebaki kulinda na kuleta hewa, tonge baada ya tonge. Sasa mayai yakikomaa yanahitaji kitu kimoja ili yapasuke, yazame majini. Kwa aina ya Periophthalmus modestus watafiti haohao walionyesha mwaka 2007 kwamba baba anasubiri usiku maji yakijaa, anaingia chumbani, anaivuta ile hewa kwa mdomo na kwenda kuitema nje, anarudi, anavuta nyingine, mpaka maji yapande yafunike mayai na watoto watoke wabebwe na maji kwenda baharini. Ile hewa aliyoileta yeye mwenyewe kwa mdomo ndiyo hiyo hiyo anaiondoa kwa mdomo, na saa ya kuiondoa anaijua. Mi nikiisoma habari hii huwa naacha kidogo nipumue.

SWALI: Nimenunua samaki mmoja wa zambarau mrefu, muuzaji kaniambia ni "drago" na anakula samaki wadogo, niwe namtupia. Ana wiki tatu, hajala hata mmoja, amekonda, amelala pembeni tu. Nifanyeje? – Kijana wa Tangi

JIBU: Kijana, fanya haraka. Huyo bila shaka ni Gobioides broussonnetii, gobi-mkunga wa upande wa magharibi wa Atlantiki, kuanzia kusini mwa Marekani kushuka mpaka Brazil, anafika zaidi ya sentimita 50. Sura yake inatisha, meno yale na rangi ile, ndo maana anaitwa drago, lakini ni mnyenyekevu kuliko unavyodhani. Kwao anachota tope la juu, anachuja mwani na vijidudu, anatema lililobaki. Samaki mzima hawezi kumkamata, macho yake hayaoni vizuri na shingo ya chakula ni nyembamba. Wengi wa samaki hawa wanakufa njaa kwenye tangi lililojaa chakula kisichomfaa.

Watoe hao samaki wadogo. Mpe watoto wa atemia, vile vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, chakula cha mwani kilichosagwa kama unga, minyoo midogo iliyogandishwa ukaikatakata, na umpe usiku taa zimezimwa, kidogo kidogo, karibu kabisa na pua yake kwa bomba la sindano au dropa, kisielee juu maana hatakifuata. Sakafu ya tangi iwe mchanga laini, ule mkali unamchubua tumbo, na muwekee bomba la kujificha, bomba ni lazima, bila hilo hata ukimpa nini hatulii ale.

Na maji. Kama umemweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hiyo nayo inamchosha, huyu ni wa pale mto unapokutana na bahari. Tumia chumvi ya bahari inayouzwa kwa ajili ya matangi, si ya jikoni, upandishe taratibu kwa siku kadhaa mpaka ufike robo au theluthi ya ukali wa bahari, yaani kama gramu 9 mpaka 12 kwa lita, huku bakteria wa filta, wale wanaosafisha maji, nao wakizoea. Usiitupie yote siku moja. Akianza kula utaona baada ya siku chache tumbo linajaa kidogo nyuma ya kichwa, na atakuwa anachota mchanga na kuutema mwenyewe. Niandikie unijulishe, tafadhali, nitakuwa nafuatilia.

SWALI: Mnajuaje shimo lilivyo huko ndani na nyie hamwezi kuingia? – Mtu wa Kuuliza

JIBU: Watafiti wanamwaga gundi ya plastiki ya maji, ile rezini, kwenye tundu maji yakiwa yamepwa, wanaiacha igande, kisha wanachimba pembeni na kuitoa. Unachopata ni umbo la shimo lenyewe limegeuka kitu cha kushika mkononi. Ndo tukajua kuna ya herufi J, kuna ya Y yenye milango miwili, na ya gobi-mkunga yana matawi na milango kadhaa. Ile chemba ya mayai inaonekana wazi kama uvimbe unaoelekea juu.

SWALI: Tuna likizo, nataka kwenda na wanafunzi tuwachimbue wawaone. Jembe la kawaida litatosha? – Tichа Mpenda Viumbe

JIBU: Mwalimu, naomba msichimbe. Najua nilisema nilikata bonge, lilikuwa tundu ambalo mwenyewe alishahama na hata hivyo sikulirudia. Ukichimba shimo lenye mayai baba hawezi kulirudisha, chumba kikipoteza umbo lake hewa haikai tena.

Kuna njia nzuri zaidi na watoto wataona mengi. Nendeni siku za bamvua, maji yakipwa sana, mfike wakati yanaanza tu kuondoka. Chagueni sehemu ya ukingoni mnapoweza kukaa bila kudidimia. Kaeni, mnyamaze, msisimame simame maana kivuli na mtikisiko wa miguu vinawafikia kabla yenu. Dakika kumi za kwanza hamtaona kitu na watoto watalalamika. Halafu tundu moja maji yake yatapanda kidogo, yatashuka, yatapanda, hapo kuna mtu anasukuma. Mkiwa na bahati mtaona mdomo wa gobi-mkunga, ni kama ncha ya kidole chekundu inayotokeza, inafunguka, inafunga, inazama na kuacha povu moja. Ni kitendo cha sekunde tu. Wape watoto karatasi wachore kila tundu na idadi ya mara wanazoona maji yakipanda, mtarudi na ramani ya mtaa mzima. Na tafadhali jueni saa ya maji kurudi kabla hamjatoka nyumbani, tope linashika miguu na maji ya bamvua yanakuja haraka.

SWALI: Nafanya kazi kwenye ujenzi. Tunapojaza kifusi kwenye tope la pwani watu wa mazingira wanapiga kelele, lakini mi naona samaki ana mapezi, si atahamia pembeni? Tope liko tele. – Fundi

JIBU: Kaka Fundi, nashukuru umeuliza wazi, wengi wanafikiri hivyo hivyo na hawasemi.

Hahami. Gobi wa topeni si samaki wa kuogelea masafa, mwili wake umetengenezwa kwa ajili ya njia nyembamba. Hatari ikija anafanya kile alichokifanya maisha yote, anazama shimoni. Kifusi kikimwagwa anazama zaidi, na shimo likifungwa juu hana pa kuchukulia hewa. Wanaoweza kuhama ni watoto wachanga tu, wale wanaoelea baharini wiki kadhaa baada ya kutoka mayaini, lakini nao wanarudi kutafuta tope la aina fulani, laini, linalofunikwa na maji na kufunuliwa kila siku, na tope la pembeni huko tayari lina wenyewe. Si kila tope ni tope, kaka. Ukiweka ukuta na maji yakaacha kupwa na kujaa, hata kama hujamwaga kifusi hata ndoo moja, limeshageuka kitu kingine.

Nakupa mfano wa kweli. Ile Bahari ya Ariake niliyoitaja kwa mwalimu ina ghuba ndani yake inaitwa Isahaya. Tarehe 14 Aprili 1997 walishusha mabamba ya chuma 293 mfululizo, moja linafuata jingine kama vigae vinavyoanguka, wakafunga ghuba kwa ukuta wa kilomita 7, eneo la zaidi ya hekta 3,500 likakatwa na bahari. Tope lililokuwa linalowa mara mbili kwa siku likakauka likapasuka. Lilikuwa moja ya maskani makubwa ya mutsugoro, ndivyo wanavyomwita kule yule mrukaji mwenye madoa ya bluu, Boleophthalmus pectinirostris, na mwaka mmoja kabla watu walishapeleka kesi mahakamani wakimwandika samaki huyo awe miongoni mwa walalamikaji. Ukuta ulifungwa hata hivyo. Kisha wavuvi wa nje ya ukuta wakaanza kulalamika kwamba bahari yao imebadilika, na kesi juu ya malango ya maji ya ukuta ule, yafunguliwe au yasifunguliwe, ziliendelea miaka na miaka. Korea Kusini nao walimaliza kufunga ukuta wa Saemangeum mwaka 2006, kilomita 33.

Kumbuka ile pete ya kutu niliyomweleza mwalimu. Kila shimo ni bomba linaloshusha oksijeni kwenye tope jeusi, na kwenye mita moja ya mraba unaweza kukuta matundu mengi, ya gobi, ya kaa, ya kamba. Wote hao wanageuza tope, wanalipa hewa, wanasaidia uchafu uliomo uoze vizuri usigeuke sumu tupu. Ukiwafukia hupotezi samaki tu ambaye hakuna aliyekuwa anamwona, unasimamisha kazi iliyokuwa inafanyika bure usiku na mchana, na baada ya hapo harufu ya yai viza inapanda juu, na majirani wanauliza inatoka wapi.

Najua wewe si mwenye mradi na kazi ni kazi. Ila kwa kuwa uko pale, siku mtakayopelekwa kwenye eneo jipya, kabla lori la kwanza halijageuza, shuka maji yakiwa yamepwa uhesabu matundu kwenye kipande cha hatua tatu kwa tatu, upige picha karibu kabisa ili ukingo wa tundu uonekane, na uniletee. Kama kuna mavidonge mabichi yanayong'aa pembeni ujue wenyewe wapo ndani muda huo. Nitaichapisha hapa pamoja na hesabu yako.